Koo la Msoma Prufu

Jumatatu, 4 Machi
Bosi kaniita. Kalenda niliyoisoma prufu, kusaka makosa kabla haijachapwa, imetoka na Jumatano mbili kwenye wiki moja. Kosa jingine, ananihamishia mapokezi. Mapokezi! Kuchekea wageni tangu asubuhi mpaka jioni.

Wa kulaumiwa ni Redio, mpanga kurasa wetu. Kila asubuhi anakalia pembe ya meza yangu kunisimulia habari za mkwewe. Kumwambia aondoke siwezi. Ataniona nina maringo.

Jumanne, 5 Machi
Nimevaa spika za masikioni, waya nimeuficha mfukoni, haujachomekwa popote. Redio akachukua moja asikilize nami. Kimya. Akasema pole, simu imekufa, basi atanichangamsha yeye.

Nyumbani dada kanicheka. Eti nimwambie tu: kaka, ngoja nimalize kazi, tutaongea saa ya chai. Dada hajui watu.

Jumatano, 6 Machi
Skafu shingoni. Nimeandika kwenye karatasi: koo bovu, daktari kanikataza kuongea. Nani atahangaika na mtu asiyejibu?

Wote. Redio alisema hajawahi kupata mtu asiyemkatiza. Akaja dereva na mambo ya ndoa yake. Akaja mama wa chai, akalia. Kitabu cha hesabu cha shule nilichopewa kusoma prufu bado kiko mezani, hakijasomwa.

Alhamisi, 7 Machi
Kitabu nimekisomea chooni, mpaka mwisho. Kutoka, Redio huyo mlangoni. Akaniuliza kwa upole kama ananichosha. Eti nikisema ndiyo hatanuna, hata mkewe humwambia hivyo.

Nikashika skafu, nikatikisa kichwa kukataa. Akanikumbatia.

Ijumaa, 8 Machi
Kitabu hakina kosa hata moja. Nimesalimika! Kisha bosi akasema ofisi nzima inanisifu, najua kusikiliza watu. Kwa hiyo ananipandisha cheo: mkuu wa mapokezi. Kama sitaki niseme tu, wala hataniuliza sababu.

Hapana ilikuwa mdomoni kabisa. Lakini mgonjwa wa koo ataongeaje ghafla mbele ya bosi? Nikaitikia kwa kichwa. Redio ndiye aliyenibebea kiti mpaka mapokezi, akaahidi kunitembelea kila asubuhi.

Nimewaza njia nzima kurudi nyumbani. Sasa nimeona nilipokosea. Sikupaswa kuugua koo.

Jumatatu nitakuwa kiziwi.