Mshenga wa Zinki

Imetangazwa rasmi, na kwa faida ya wasiosikia ikarudiwa kwa kipaza sauti juu ya gari, kwamba mifuko ya plastiki imekwisha nchini. Haitengenezwi, haiingizwi, haiuzwi, haibebwi. Sisi wa Tunduma, tunaoishi mahali ambapo ukipiga chafya nchi jirani inakupa pole, tulilipokea tangazo hilo kwa utii mkubwa. Tangu siku ile hakuna anayetamka neno "rambo", jina letu la mfuko wa plastiki, kwa sauti. Ukinunua dagaa unaulizwa tu: nikufungie, au nikufungie vizuri?

Katika utulivu huo ndipo Rabson aliporudi kutoka chuo kikuu na shahada ya kemia, miwani mipya na neno moja: kichocheo.

Alisema atalimaliza tatizo la mifuko mkoa wa Songwe, kisha Afrika, kisha atapumzika. Mahindi, alieleza, yakichachishwa hutoa asidi ile ile inayofanya togwa liwe kali. Asidi hiyo hugeuzwa kuwa vipete vidogo visivyoonekana kwa macho. Vifungue vipete, viunge kimoja baada ya kingine, umepata mnyororo. Mnyororo ukirefuka, umepata plastiki ambayo ikitupwa udongo unaila. Shida ni kwamba vipete havifunguki kwa kuombwa. Vinataka kichocheo, nacho ni chembe ya zinki iliyokaa katikati, imezungukwa na molekuli nyingine kama mwenyekiti na wajumbe wake.

"Sasa hapo nani anafanya kazi?" aliuliza shangazi yake Tumpe, ambaye jiko lake lilikuwa limetwaliwa kuwa maabara.

"Mwenyekiti. Ila wajumbe ndio wanaoamua atafanya nini."

Shangazi akasema hata kamati ya kanisa iko hivyo hivyo, akafunua sufuria ya maharage. Rabson akaruka. Mvuke ni adui, alilia, maji yakiingia minyororo inakatikia njiani. Shangazi akamjibu kwamba maharage nayo yakikosa maji hayaivi, na jioni hakuna mtu atakayekula mnyororo. Maharage yakashinda.

Mfuko ulipatikana hata hivyo. Mmoja. Unaonyesha kama kioo, una mikanda miwili ya kushikia, na Rabson aliubeba mjini kama askofu aliyekabidhiwa fimbo.

Lakini mfuko haukuwa wa Afrika. Ulikuwa wa Imelda, binti wa Mzee Amoni, mkulima wa kahawa kule Hasamba. Rabson alimpenda tangu sekondari, na sasa kulikuwa na dereva mmoja wa malori ya Zambia aliyeonekana akipeleka soda kwa wazee mara nyingi kuliko kiu inavyoruhusu. Mzee Amoni alishasema hana ubaguzi: kijana yeyote aje, mradi awe na kitu mkononi.

Mjomba wa Rabson, Lusubilo, ni mshenga aliyeozesha nusu ya Mbozi na hajawahi kuulizwa lolote ndoa zinapovunjika. Alikuwa amekwishapiga koti lake pasi. Rabson akamwambia abaki nyumbani.

"Mjomba, siku hizi mtu anajieleza mwenyewe."

Lusubilo akalirudisha koti kwenye msumari.

Kibandani karibu na kwa wakwe, Rabson alinunua kilo mbili za kitimoto iliyotoka kwenye mafuta saa hiyo, ikafungwa gazeti. Akaitia ndani ya mfuko wake pamoja na sukari na mche wa sabuni, ili mzee aone mahindi yanavyobeba mzigo. Alipokaribishwa kiti, alikataa kuuweka chini. Akakaa ameuinua, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Mzee Amoni akauliza mshenga yuko wapi. Rabson akasema amekuja mwenyewe, na papo hapo akaanza somo. Mzee alisikiliza mpaka kwenye zinki.

"Kwa hiyo hivyo vipete vyako, hata ukiviweka chungu kimoja, havishikani?"

"Havishikani, baba. Vinaweza kukaa mwaka mzima vinatazamana."

"Mpaka aje huyo wa katikati."

"Ndiyo, baba. Anaviunganisha, halafu yeye anatoka vile vile alivyoingia."

Mzee akamgeukia mdogo wake aliyekaa pembeni. "Mshenga huyo." Kisha kwa Rabson, kwa upole: "Unamjua vizuri hivyo, na umemwacha nyumbani?"

Rabson akafungua mdomo. Wakati huo mfuko, ambao kwa joto la kitimoto ulikuwa ukirefuka taratibu bila kusumbua mtu, ulifika chini ukakatika kwenye mikanda. Sukari ilitangulia, sabuni ikafuata, nyama ikafunga msafara. Mbwa wa nyumbani, asiye na habari na kemia, akaondoka na gazeti zima.

Rabson aliruka kutoka kitini akabaki amesimama, ameshika mikanda miwili.

Mzee Amoni aliitazama. "Haya," alisema, "kitu mkononi unacho."

Imelda akatoka nyuma ya pazia na rambo jeusi, akainama kuokota sukari na sabuni. Alipompita Rabson alisema maneno mawili tu, kwa sauti ya chini: "Mlete mjomba."

Jumamosi iliyofuata Lusubilo alivaa koti. Alikaa, akakohoa, akasifu mvua, akauliza habari za kahawa. Hakutaja zinki. Kabla chakula hakijapoa, pande mbili zilikuwa zimeshikana, na mshenga akarudi Tunduma vile vile alivyotoka, koti halina hata kunyanzi. Dereva wa malori alikunywa soda zake mwenyewe.

Ile mikanda miwili Rabson aliifukia shambani kwa baba mkwe, udongo uile. Kuku huifukua kila baada ya mvua. Rambo jeusi liko nyuma ya mlango wa jiko la Imelda, lina chumvi, na halijatoboka.