Haki Zote za Kisiwa cha Tamsabel

Mheshimiwa Meya wa jiji letu la Bristol, ambaye umeuvaa mkufu wako mzito tangu asubuhi na hujalalamika; waheshimiwa madiwani, pamoja na wake zenu mliowaacha nyumbani; Mheshimiwa Mkuu wa Forodha ya Mfalme; Mchungaji wetu, ambaye namwona amekaa karibu na mlango kama ilivyo desturi yake; mabwana wanahisa wa Kampuni ya Kifalme ya Wafanyabiashara wa Kisiwa cha Tamsabel na Bahari Zote Zinazokizunguka; wazee wa chama cha watengeneza mapipa; wajane wenzangu mlioweka akiba zenu humu; mabaharia mliosimamishwa nyuma kwa sababu ya harufu; na wewe pia, Bibi Thomasin Purnell, ingawa hukualikwa: kila mtu nimemsalimu kwa cheo chake, na ambaye sikumtaja ajitaje mwenyewe kimoyomoyo. (Makofi.)

Mimi ni Philippa Thackwell, mjane wa marehemu Thackwell mpika sabuni, na mama mzazi, narudia, mama mzazi wa Gavana wa Kampuni hii, Bwana Ambrose Thackwell. Gavana hakuweza kufika. Koo lilimshika jana jioni, mara tu alipoarifiwa kwamba wanahisa watakuwa na maswali. (Minong'ono.) Lakini ameniandikia hotuba, nami nitaisoma kama ilivyo, na pale ambapo ni ya kitaalamu mno nitaongezea ya kwangu, maana mimi shule niliishia kuandika jina langu tu, ila mtoto niliyemzaa alikwenda Oxford, na baada ya muda mfupi wakamrudisha nyumbani kwa kuwa hawakuwa na la kumwongezea. (Kicheko. Msemaji anainamisha kichwa kushukuru.)

Waheshimiwa, kama mnavyofahamu, Mfalme wetu mpendwa, kwa kuzingatia maslahi mapana ya ufalme na zawadi ndogo tuliyompelekea, aliipa Kampuni hii hati yenye muhuri wa lakiri nyekundu, mkubwa kama jibini, inayotamka kwamba hakuna mtu mwingine yeyote, awe Mwingereza au mgeni, mwenye ruhusa ya kununua, kuuza, kuvua wala kutia nanga Tamsabel na katika bahari zake, isipokuwa sisi. Sasa tuulizane, utekelezaji ukoje? Najivunia kuwatangazia kwamba, katika kipindi chote cha mpango mkakati wetu, asilimia mia moja ya biashara ya Tamsabel imebaki mikononi mwa Kampuni. (Makofi.) Hakuna Mholanzi hata mmoja aliyekanyaga pale. Mfaransa, hata harufu yake haijafika. Wenzetu wa London wenye biashara ya pilipili hawalali kwa kuhangaishwa na washindani, sisi tunalala. Nionyesheni ukiritimba mwingine duniani uliokamilika namna hii, nami nitakula kofia yangu na utepe wake.

Maandalizi nayo yanakwenda kwa kasi ya kuridhisha. Kisiwa kina hakimu tayari, anaishi hapa mtaa wa pili. Kina mchungaji, ndiye yule pale mlangoni, na mshahara wake ameanza kuupokea ili azoee. Kina mizani, kina vipimo, kina sheria ya kukataza kutema mate gatini. Kofia za sufu za kuwauzia wenyeji zimejaa ghala zima, kwa kuwa uchunguzi wa kina uliofanywa na Gavana mwenyewe umebaini kwamba wenyeji wana vichwa. (Sauti kutoka nyuma: "Umewahesabu, Mama?") Nimekusikia, kijana. Vichwa havihesabiwi kabla ya kuvishwa kofia.

Changamoto ni moja, nayo ni ndogo: mchakato wa kukifikia kisiwa bado unaendelea. Safari ya kwanza ilikuta ukungu. Safari ya pili ilikuta bahari. Safari ya tatu ilikuta Ireland, wakanunua siagi, na siagi ilikuwa nzuri, wengine mmeila. Huo ni mwelekeo mzuri, waheshimiwa. Kutoka ukungu hadi siagi ni hatua.

Sasa naingia kwenye ajenda iliyotuleta, yaani suala la Nahodha Gideon Purnell.

Meli yake, Constance, mmeipita mkija hapa. Imekalia tope gatini tangu kabla ya Kwaresima, imefungwa mnyororo, matanga yake yameshushwa na kuwekwa katika stoo ya Kampuni. Kosa lake ni kuvua chewa ndani ya bahari ya Tamsabel bila leseni yetu. Kwa mujibu wa hati, mwingiliaji hunyang'anywa chombo na shehena, nusu iende kwa Mfalme na nusu ije kwetu, ila sharti ninyi wanahisa mnyooshe mikono kuthibitisha kwamba kweli alikuwa Tamsabel. Ndicho tutakachofanya leo. Nahodha anajitetea kwamba alipita mahali penyewe, pale pale ramani yetu inapoonyesha mlima, akakuta maji matupu. Anasema aliteremsha timazi ya risasi ya kupimia kina cha bahari, imepakwa mafuta chini ili ilete mchanga, akaiteremsha mpaka kamba ikaisha, na ilipopandishwa ilikuwa safi kama sahani ya mtawa. (Kicheko upande wa mabaharia.) Chekeni. Gavana anauliza hapa, kwa hoja nzito: kama Purnell hakufika Tamsabel, amejuaje kwamba haipo? Mtu hajui kwamba nyumba haina watu mpaka abishe hodi. Na akishabisha hodi, si amefika? (Makofi mazito. Mwanasheria wa Kampuni, Bwana Lancelot Whitlow, anaonekana kuandika.)

(Bibi Thomasin Purnell, mke wa Nahodha, anasimama juu ya benchi.)

Thomasin mwanangu, shuka, benchi hilo ni la watengeneza mapipa. Haya, sema, lakini kwa ufupi, maana wewe ukianza kusema mkate unaungua.

("Mama Ambrose, chombo kikikaa kwenye tope mpaka kiangazi mbao zinapasuka, na hatuna kingine. Nimekuja kwako kuomba chachu miaka yote, hujawahi kuninyima. Leo nakuomba mtu mmoja tu. Nionyeshe mtu mmoja aliyekiona hicho kisiwa kwa macho yake, nami nitayaleta matanga ya akiba kwa mikono yangu.")

(Wanahisa wanatazamana.)

Hilo, kusema kweli, Ambrose hakuliandika humu. Ngoja nigeuze ukurasa. Hapana, nyuma pametupu. Bwana Whitlow, naona umenyoosha kidole, tusaidie.

(Bwana Whitlow anaeleza kwamba swali la mama yule lina jibu: kisiwa kilionekana zaidi ya miaka mia iliyopita na rubani mmoja Mreno, mtu wa kuaminika, aliyekwisha kufa; na kwamba Gavana hakufanya zaidi ya kunakili ramani ya Mreno huyo, aliyoinunua kwa shilingi nne. Wanahisa wanashusha pumzi. Mikono inaanza kunyooka dhidi ya Nahodha Purnell.)

Shusheni mikono. Nimesema shusheni. Sijafika kwenye shukrani, na kikao hakifungwi bila shukrani. Kwanza tuitikie kaulimbiu, ili damu zitulie. Nikisema "Tamsabel", semeni "Yetu". Tamsabel! ("Yetu!") Chewa wake? ("Wetu!") Kampuni moja, hati moja, mwana mmoja! (Wanaitikia kwa kusitasita.)

Sasa nashukuru. Namshukuru Mfalme. Namshukuru Meya na mkufu wake. Na Mreno wa Bwana Whitlow simshukuru, wala sitamshukuru, kwa sababu hakuna Mreno. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi siwezi kukaa hapa nikasikia kazi ya mwanangu inapewa maiti wa Lisbon kwa shilingi nne. Hakuna Mreno aliyekiona kisiwa cha Tamsabel. Hakuna mtu yeyote aliyekiona. Kisiwa kile kilitoka katika kinywa hiki hapa, jikoni kwangu, majira ya baridi Ambrose alipougua surua akakataa uji wa shayiri. Kijiko kimoja, nampa bandari. Kijiko cha pili, nampa mlima. Jina ni la kuku wetu mwekundu. Na ule mto wa kusini ambao ninyi mabwana mmekuwa mkiubishania mgawanyo wake, ni pale uji ulipomwagika mezani, naye akauchora kwa kidole, ana miaka sita tu, akili ile. Itazameni ramani yenye lakiri ya Mfalme: ghuba yake kubwa ina umbo la kijiko. Ni kijiko changu. Baba gani hapa amezaa mtoto aliyemfanya Mfalme atie lakiri kwenye uji?

(Mkuu wa Forodha anavaa kofia yake.)

Basi, kwa kuwa mwenyewe ni mimi, natoa leseni. Nahodha Purnell avue katika uji wangu mpaka azeeke. Thomasin, nenda kachukue matanga yenu. Nani bado anathibitisha kwamba mume wa huyu alikuwa Tamsabel, anyooshe mkono. (Hakuna mkono hata mmoja.) Hoja imeanguka. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Wanahisa wote wanasimama kwa pamoja. Mabenchi yanaanguka. Mchungaji ameshatoka.)

Naam, naona mmesimama wote. Wengine mnakimbia kabisa kwenda kumpa Ambrose pongezi nyumbani. Mlango wake ni ule wa kijani. Ugongeni kwa nguvu, maana akiwa na koo hujifungia.