Mdhamini Mwenye Tai

Jumatatu, 16 Juni

Mwaka wa tatu wa Usimamizi wa Haki Jinai, na leo ami Farouk kauliza tena, mbele ya wateja wote dukani, shahada hii ni ya kazi gani. Nikamweleza: magereza, mahakama, uangalizi wa wafungwa walioachiwa, hata wizarani. Akasema, kumbe askari. Wateja wakacheka. Mimi sikucheka.

Mahakama inachukua mwanafunzi mmoja tu wa mafunzo kazini. Mmoja! Kwingine kote nimechelewa kuomba. Tumebaki mimi na Phelister wa darasani kwetu, Mkenya anayekaa Kyebando, anayesoma sheria hata akila chapati. Yeye ana alama. Mimi nina suti. Nikikosa sihitimu, nitapima vitenge vya ami hadi nizeeke.

Jumanne, 17 Juni

Mpango: hakimu Nabangala anione, anizoee, siku ya usaili aseme kumbe huyu ni kijana wetu! Nikakaa benchi la mbele. Hakuinua macho. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Askari akanitoa nje nikanywe maji.

Huko nje, neema! Mama mmoja analia. Mumewe, Swaibu, ameshtakiwa kuiba spika za baa ya Kabalagala. Dhamana ipo, mdhamini hakuna. Akanitazama suti, akasema naonekana mtu mzito. Wallahi, sijawahi kuambiwa! Na mdhamini husimama mbele ya hakimu, hutaja jina lake, huangaliwa usoni. Nikakubali kabla hajamaliza kupangusa machozi.

Jumatano, 18 Juni

Nimesimama! Kitambulisho, barua ya mwenyekiti wa mtaa, tai ya ami (hajui). Hakimu akauliza kama namfahamu mshtakiwa. Nikasema kama ndugu yangu. Ndiyo kwanza namwona. Swaibu akanikonyeza. Ameachiwa, arudi Jumatatu.

Phelister akanivuta pembeni, eti najua kwamba Swaibu asipotokea nitaulizwa mimi? Nikamwambia aache wivu. Akanionyesha kifungu cha sheria. Nikasema nimekisoma zamani. Sijakisoma.

Jumapili, 22 Juni

Simu ya Swaibu haipatikani. Ya mkewe pia. Chaji, bila shaka. Watu maskini hawa.

Nimepanda boda hadi kwao. Mwenye nyumba anasema wamehama Alhamisi, na balbu zake wamezichomoa. Akauliza kama mimi ni ndugu yao. Nikasema hapana, mbio.

Jumatatu, 23 Juni

Swaibu hakuja. Hakimu akaita mdhamini. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Haya, sasa ananijua! Akanikumbusha, kama ndugu yako, ulisema. Nikatupwa mahabusu ya mahakama hadi nipate wa kunidhamini mimi. Aliyeandika jina langu ni Phelister. Nafasi ya mafunzo amepewa yeye, hata usaili haukungojwa, kaanza leo asubuhi. Akaniuliza kwa adabu jina langu linaandikwaje. Miaka mitatu darasa moja!

Ami akafunga duka, akaja. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani. Akasimama pale, akasema mtoto huyu ni wangu, nitamleta siku yoyote mtakayomtaka. Nikalia. Kweli nililia, na si kwa ujanja. Nina wiki mbili za kumtafuta Swaibu, la sivyo tutaulizwa sote wawili. Njiani ami alinyoosha mkono, nikavua tai.

Jumanne, 24 Juni

Napima vitenge. Aibu tupu.

Lakini! Jana mahabusu nilikaa na Okot, kijana mstaarabu sana, ameonewa tu katika mambo ya pikipiki ya mtu. Ana mjomba, bwana mkubwa magereza, ambaye anaweza kunichukua kwa mafunzo wiki hii hii. Leo dada yake kanipigia. Kilichobaki ni Okot kutoka kwa dhamana Alhamisi. Mimi mahakama hainitaki tena kuwa mdhamini, inataka mtu mzima mwenye duka lake.

Nimemwambia dada huyo ninaye mmoja, tena ana uzoefu. Ami nitamweleza tukishafika mahakamani.