Hakuna Mtego, Wanasema

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Ushindi! Nimeitwa kwenye usaili! Kampuni ya hapa hapa Kolwezi, wanaotengeneza programu za mizani ya malori ya madini, wanatafuta watu. Mtu wao ni mimi, Modeste Kabongo. Bado hawajajua tu.

Barua yao ya ajabu. Inaeleza kila kitu: kesho mazungumzo ya simu, halafu zoezi la kufanyia nyumbani, Ijumaa kukaa na timu na kufanya kazi pamoja nao. Usichokijua, sema hukijui. Uliza upendavyo. Hakuna maswali ya mtego.

Hakuna mtego! Nilicheka mpaka mama akaja kuchungulia. Nani anamwambia mtu yote hayo bure?

Mama hakucheka. Lori la makala, yaani mkaa, la mjomba Ngeleka linarudi porini Mutshatsha Jumamosi, na nisipopata kazi, naondoka nalo. "Mutoto, ni kazi ao makala. Chagula." Mimi kuchoma makala! Kwa vidole hivi!

Lucien wa jirani, fundi wa simu, naye amepata barua ile ile. Nimemshauri kwa moyo mweupe asiulize swali hata moja, maana wanachukia. Akanishukuru sana. Maskini.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Simu. Mpango: waamini kwamba tayari nina ofisi kubwa. Nilimweka dada yangu Charlotte nyuma yangu, abonyeze kompyuta kwa kelele na kuniita Directeur, mkurugenzi. Mwanzo alifanya vizuri. Halafu akapaza sauti: "Directeur, mama anasema uingize nguo zako, mvula inakuya!"

Mama Abigaëlle, aliyekuwa upande wa pili wa simu, akasema niende tu nikaanue, atangoja. Akangoja kweli! Niliporudi nimelowa, aliniuliza nimewahi kutengeneza nini, na nilipenda nini katika kazi hiyo. Basi. Huyu mama ni hatari. Nilijibu kwa tahadhari kubwa, na nimepita!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Zoezi: faili la uzito wa malori, niandike programu ya kujumlisha mizigo. Rahisi mno. Lazima kuna kitu. Lucien alimaliza jana mchana akaenda kulala. Mjinga.

Mimi nimechambua mstari kwa mstari, kama mama anavyochambua maharagwe. Umeme ukakatika, nikaendelea kwenye simu. Na leo nimekipata! Lori moja likiwa limejaa ni jepesi kuliko likiwa tupu. Ha! Nimewaandikia chini ya zoezi: mtego wenu nimeuona, asanteni.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mpango wa leo: nikikwama, nakohoa, natoka nje, nampigia Gaël, binamu yangu anayesomea kompyuta Lubumbashi.

Kikohozi cha kwanza, Mama Tshiela, mkuu wa timu, akaniletea maji. Cha pili, chai ya tangawizi. Cha tatu, akachukua funguo za gari anipeleke hospitali. Na Gaël hakupokea hata mara moja. Kumbe naye alikuwa kwenye mtihani wake! Ndugu gani huyu?

Nikabaki mbele ya kompyuta, kichwa kitupu. Nikaona magunia ya makala. Nikaona Mutshatsha. Niliogopa kweli, na neno likanitoka lenyewe: sijui. Mama Tshiela akavuta kiti karibu, akasema vizuri, tuangalie pamoja. Tukaangalia. Programu ikakubali! Nilifurahi kupita kiasi, mpaka nilipokumbuka kwamba wema huo nao ni mtego.

Kisha wakaniuliza juu ya lile lori. "Tata Modeste, ile hatukuiweka sisi. Ni kosa ya kweli." Eti wasailiwa wote wamelipitia faili hilo na kosa hilo hakuna aliyeliona. Wakatazamana, midomo wazi. Wanajua kuigiza, watu hawa!

Jumamosi, tarehe 8 Machi

KAZI! Simu ililia mjomba akiwa amekwisha kufunga turubai, begi langu liko juu. Mama, ndani ya kitenge chake cha siku ya wanawake, alipiga vigelegele mpaka mtaa mzima ukatoka nje. Mjomba akalishusha begi taratibu, amenuna. Mimi nililia kidogo. Vumbi la makala.

Mama Abigaëlle anasema wamenichukua kwa sababu nasoma kitu mpaka mwisho, na kwa sababu nilisema sijui. Adabu tu. Kilichonipa kazi ni kikohozi.

Lucien naye amechukuliwa. Nilimbana anieleze mbinu yake. Anasema aliisoma barua, akafanya ilivyosema. Na maswali? Aliuliza mengi, ushauri wangu aliusahau. Bahati tupu! Siku moja itamwishia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Ujumbe kutoka kwa Mama Tshiela: kesho mchana timu nzima itakula bukari, ugali wetu, na samaki pamoja nasi, kutukaribisha. "Mukuye tu kula. Haiko mutihani." Lucien amejibu asante, na picha ya samaki.

Haiko mutihani! Tangu tutoke kanisani najizoeza kula bukari kwa uma na kisu. Charlotte ananisimamia, anacheka mpaka analia. Gaël nimemwambia kesho asizime simu. Na kikohozi nimekijaribu asubuhi: bado kizuri.