Banda Lenye Uzio Mmoja

Jumatatu, 3 Februari
Ndama wetu wawili wameachishwa kunyonya. Nimewajengea banda jipya! Mabati juu, sakafu ya mbao, beseni la maji. Jumamosi kikundi chetu cha maziwa hapa Minjila kinakuja kuamua nani atunze fahali chotara. Atakayepewa, ng'ombe wake watapandwa kwanza. Jirani yangu Madina naye anamtaka. Aendelee kutaka.

Jumanne, 4 Februari
Banda nimeliegemeza kwenye zizi la mama zao. Uzio mmoja, wageni wasizunguke. Mke wangu Kadra hataki. Anasema ndama hulelewa kwenye boma la watu wengine, ndivyo mama yake alivyofanya. Tubadilishane na dada yake Hamdi: wetu waende kwake, wake waje kwetu. Eti hata Madina hufanya hivyo. Sifa za Madina, nyumbani kwangu!

Alhamisi, 6 Februari
Ndama hawagusi majani wala pumba, lakini matumbo yamejaa! Nikamwita Madina aje aone. Akaangalia midomo yao, akacheka, akaenda zake. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Februari
Kadra amerudi kutoka kukamua na kibuyu kitupu. Kwetu maziwa ni mali ya mama wa nyumba, kwa hiyo kelele nilizipata zote mimi. Akanivuta hadi kwenye uzio. Mwanya. Kichwa cha ndama upande wa pili, povu mdomoni. Na mama mtu amejisogeza kabisa! Nimeziba kwa matawi ya miiba ya mathenge. Tayari.

Jumamosi, 8 Februari
Wageni wamefika. Safiya, mwenyekiti wetu, akauliza ndama wataachishwa lini. Nikasema walishaachishwa zamani. Palepale mmoja akasukuma matawi, akapenyeza kichwa, akanyonya mbele ya kikundi kizima huku mkia ukicheza. Chai ikaja. Ya rangi. Fahali amekwenda kwa Madina. Nimeumia sana.

Jumapili, 9 Februari
Kadra hakuniuliza. Amewapeleka ndama wetu kwa Hamdi, akaja na wa Hamdi. Wamo bandani mwangu, wanakula majani kimya. Ng'ombe wetu hawawatazami hata kidogo. Kibuyu kimejaa.

Kumbe banda halikuwa na kosa lolote! Nimempigia Safiya simu kumweleza hivyo, akasema ana kazi. Kesho nawarudisha ndama wetu palepale. Safari hii nitatundika leso ya Kadra kwenye uzio, wasionane na mama zao. Ile mpya, ndiyo nzito. Kadra sijamwambia.