Warudi Walikotoka, Yaani Wodi Namba Mbili

Ndugu Mhariri wa gazeti letu,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi ya kusoma barua za watu wenye hasira. Hii ni moja yao. Mimi ni mkunga mstaafu. Kwa miaka thelathini na minne nimezalisha akina mama katika kituo cha afya cha hapa mpakani, na muda wote huo sikuwahi kuliandikia gazeti kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Sasa mikono imepumzika, na wagombea wameanza kunikera.

Kabla sijalaumu, nieleze msimamo wangu nisije nikaeleweka vibaya. Mimi nawaunga mkono wagombea wote wawili. Yule wa kwanza tunamwita Kufuli, maana hupanda jukwaani na kufuli mkononi, akaliinua juu watu wakashangilia. Ameahidi kuwaondoa wahamiaji wote ndani ya siku tisini. Mpinzani wake, Komeo, amesema siku tisini ni ulegevu, yeye atatumia sitini. Ni sera mbili nzuri. Lakini utekelezaji wake ni wa kubahatisha, na mimi niliyezoea kazi ya uangalifu siwezi kunyamaza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtihani. Vijana wa Kufuli wanapita mitaani kuwatambua wageni kwa kuwaimbisha watu ubeti wa pili wa wimbo wa taifa. Wageni wote wameuimba bila kukosea. Wana hofu, na mwenye hofu hukariri. Wenyeji tumekwama mstari wa kwanza. Mwenyekiti wa kampeni mwenyewe alifika katikati akaanza kukohoa. Mtihani huu ukiendelea, mji utabaki na wageni watupu wanaoimba vizuri, na sisi tutakuwa ng'ambo tunauliza njia. Shemeji yangu naye alishindwa. Kwa huyo sina pingamizi, aende.

2. Kuamka mapema. Mwoka mikate wa mtaani kwetu ni mgeni, na huwasha tanuri wakati wenyeji bado tunageukia ubavu wa pili. Huu si ushindani wa haki. Naomba wagombea watangaze kwamba mgeni haruhusiwi kuamka kabla ya saa tatu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakutuambia tufanye nini akilishika hilo jembe na akakataa kuliweka chini.

3. Jukwaa. Lile ambalo Kufuli alihutubia juu yake lilijengwa na maseremala watatu, wageni wote. Kila aliposema "waondoke" alilikanyaga kwa miguu miwili, na halikutikisika hata ubao mmoja. Mwishoni akawashukuru vijana wetu hodari kwa kazi safi. Maseremala walikuwa nyuma wakisubiri ashuke walibomoe, nao wakapiga makofi kama wengine. Sijui hapa nimlaumu nani, lakini naliweka kwenye orodha kwa kuwa liliniuma.

4. Nafasi yangu ya kazi. Nilipostaafu ilitangazwa ubaoni kwa miaka minne. Tangazo lilififia, likabandikwa jingine juu yake, hilo nalo likafifia. Hakutokea mwenyeji hata mmoja aliyetaka kuja kukaa mpakani. Ndipo akaja mkunga mgeni, akaichukua. Amewanyang'anya vijana wetu kazi ambayo walikuwa bado wanaifikiria. Tena ana mikono myepesi, jambo ambalo kwa mstaafu ni tusi.

5. Waende wapi? Komeo kila mkutano husema "warudi walikotoka". Nimekaa nikatafakari. Fundi baiskeli ametoka wodi namba mbili. Nilikuwepo, alitanguliza miguu, na mpaka leo hufanya mambo yake kinyumenyume. Mke wa dereva wa lori ametoka wodi namba mbili. Watoto wa mwoka mikate, wote wanne, wodi hiyohiyo. Ile orodha ya wageni inayozungushwa mitaani ina majina mia tatu na zaidi, na wengi wao nimewapokea kwa mikono hii. Sasa wodi namba mbili ina vitanda sita, kimoja kimeegemezwa tofali. Wakirudi walikotoka wote kwa pamoja, nani atawapokea? Mgongo wangu umekwisha.

6. Binti yangu. Hapa utanivumilia, Ndugu Mhariri, maana mzaha umeniishia. Binti yangu ni mwalimu wa darasa la kwanza. Nimemlea tangu ana saa moja duniani, kwa kuwa mama aliyemzaa hakuinuka tena kitandani. Wiki iliyopita vijana wa Kufuli walikuja na orodha yao. Jina lake limepigiwa mstari: mama hajulikani. Walinisalimia kwa adabu, wakaniita bibi, na wawili kati yao niliwashika mimi wakiwa bado hawajapanguswa. Wamesema ahame mwenyewe, la sivyo Ijumaa Kufuli atalisoma jina lake jukwaani mbele ya watu wote, wakiwemo wazazi wa wanafunzi wake. Tangu siku hiyo begi lake liko mlangoni. Mimi nalifungua, narudisha nguo kabatini. Yeye akitoka shuleni anazikunja upya. Jana nililificha begi. Amezifunga kwenye shuka. Naumia, Ndugu Mhariri, na sitatafuta neno zuri kuliko hilo.

Kwa hiyo naomba wagombea waachane na nyimbo na orodha za mitaani, watumie ushahidi mmoja tu usiodanganyika, yaani rejista ya wodi ya wazazi. Ni madaftari matatu makubwa, yamo katika kabati la kituo, na ufunguo mmoja ninao mimi kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kunidai. Kila mtoto aliyezaliwa pale ana mstari wake, na kila mstari una muhuri mwekundu unaoonyesha kwamba mama yake ni MWENYEJI. Aliyemo ni wetu. Asiyemo aondoke leo, hata kama ni mgombea. Binti yangu yumo. Rejista haina shangazi wala haina chama, na haijawahi kukosea hata siku moja. Niko tayari kuapa.

Nisalimie wote hapo ofisini: wachapaji, mfagizi, na huyo aliyeifungua bahasha hii. Wasalimie mkeo na watoto. Kama kuna mjamzito kati yenu, mwambieni asikae sana kwenye kiti, atembeetembee.

Wako mwenye ukali na heshima,
Mkunga Mstaafu

Nimesahau kitu. Wino wa muhuri ulikuwa unakauka upesi kwa joto, hivyo kila Jumatatu asubuhi nilipiga MWENYEJI kurasa za wiki nzima, mstari kwa mstari, kabla hajafika mwenye uchungu hata mmoja. Ndiyo maana madaftari yote matatu hayana mgeni. Akina mama walitoka pande zote mbili za mpaka, na mtoto akishachungulia huulizi mtu kitambulisho. Jumanne moja mchana walifika wawili kwa miguu, wameshikana mikono, wote wa ng'ambo. Mmoja alimzaa binti yangu. Mwenzake, uchungu ulipokolea, aliniuliza amefika nchi gani. Nikamwambia amefika, asukume. Akasukuma, akatoka Kufuli. Yeye na binti yangu wako mistari miwili inayofuatana, muhuri mmoja, wino mmoja.

Kipande hiki usikichape, Ndugu Mhariri. Kiweke mezani mpaka Ijumaa. Kufuli akiliruka jina la binti yangu, kichome. Akilisoma, kichape ukurasa wa mbele.