Tafadhali Muuzie Mwanangu Ile ya 2011

Kwa Bwana Farouk,
Mwenye yadi ya magari, Kitui mjini.
Kwa mkono wa Nthiwa wa mboga.

Mwanangu Farouk,

Nakusalimu kwa heshima, mimi wa kanisa na wewe wa msikiti, maana Mungu akisikiliza malalamiko ya mama haulizi ametoka wapi. Mimi ni Wavinya, mama yake Mulinge anayefanya kazi Nairobi. Kama umenisahau muulize mama yako Tima. Miaka kumi na mbili amenunua ndengu kwangu sokoni Kabati na hajapata jiwe hata moja ndani. Kwa hiyo mimi na wewe si wageni, na ndiyo sababu nimeumia.

Nimesikia mwanangu anataka kuachana na kigari chake kidogo achukue gari kubwa ya juu kutoka kwako. Kwa hilo ubarikiwe. Alituma picha kwa simu ya jirani yangu Katunge, maana yangu haipokei picha: magari mawili, yote meupe, yamefanana kama mapacha. Nikauliza tofauti ni nini. Nikaambiwa moja ni ya mwaka wa 2011, imetembea hapa hapa Kenya, na nyingine ni ya 2018, imeshuka juzi kutoka Japani. Halafu nikaambiwa kwamba wewe, mtoto wa Tima, umemshauri achukue ya 2018 kwa sababu haitamsumbua. Kikombe kiliniponyoka.

Farouk, nani alikwambia mimi nataka Mulinge asisumbuliwe? Soma pole pole. Nimeweka namba ili tusipotezane.

1. Gari ya 2018 haiharibiki.

Agosti iliyopita Mulinge alikuja na hicho kigari. Alisema ni kusalimia tu, chai na kurudi. Hata koti hakuvua. Kurudi, kigari kikazima kwenye mchanga wa mto na kikakataa kabisa. Alikaa siku tisa. Siku tisa, Farouk! Alitengeneza mlango wa choo ambao nilikuwa nimeufunga kwa kamba tangu uchaguzi. Alishika jembe akazibua mitaro ya shamba. Siku ya sita, tukichambua ndengu, akaanza mwenyewe kuongea habari za baba yake, jambo ambalo hajafanya tangu tumzike. Nikaendelea kuchambua, nisije nikamkatiza.

Fundi Kiema alipokuja kutoka Kabati kuangalia injini, nilimpikia muthokoi na kuku, nikamwomba asiwe na haraka. Kiema ni mtu wa kanisa, hawezi kusema uongo. Kila asubuhi alimwambia Mulinge kwamba spea haijafika, na ilikuwa kweli, kwa sababu hakuwa ameiagiza.

Tangu Agosti hajarudi. Najua ni kazi. Sasa niambie wewe, siku akija na gari isiyoharibika, atakaa dakika ngapi?

2. Inaongea.

Mkwe wa Muthoki, mwenzangu wa kwaya, ana gari ya miaka hiyo. Inamwambia afunge mkanda. Inamwambia ametoka kwenye mstari. Akiendesha muda mrefu inamwonyesha picha ya kikombe, maana yake amechoka, apumzike. Asi! Kumwambia Mulinge amechoka ni kazi yangu. Nilipewa siku niliyomzaa. Gari ikininyang'anya hiyo, mimi nitabaki kumwambia nini?

Tena ina kamera ya nyuma. Shemeji yangu Mbaluka ni mzee wa miaka sabini na mmoja, na hapa kwetu hakuna anayemsikiliza, hata mbuzi. Lakini gari ikirudi nyuma hapa uani, ni yeye husimama nyuma yake na fimbo. "Njoo! Njoo! Kata yote! Simama wewe, unataka kuua kuku?" Na mtu mwenye digrii anatii. Siku hiyo Mbaluka hata chakula hula vizuri. Sasa kamera imeandikwa kazi yake, na hakuna aliyemwita mzee akamweleza.

3. Namba tatu ilikuwa nzito kuliko zote lakini imenitoka nilipoenda kuangalia maziwa jikoni. Ihesabu kama imeandikwa.

4. Haina kelele.

Kigari cha sasa nakisikia kikiwa bado juu kilimani. Nikikisikia nabandika chai, nabadilisha leso, namwambia Mbaluka avae shati. Hii ya 2018 ina betri pamoja na mafuta, inaingia kimya kama mwizi. Mkwe wa Muthoki alikuja na yake hivyo akamkuta Muthoki anagombeza mbuzi kwa maneno ambayo hayamo kwenye kitabu cha nyimbo. Mkwe, Farouk! Wewe umekaa na Wakamba, unajua mama mkwe na mkwe wake ni nthoni, hata kutazamana usoni ni kwa kipimo. Miezi mitatu sasa wanasalimiana kwa kupitia watoto.

5. Viti vyake ni vya rangi ya maziwa.

Hapa kwetu mtoto haondoki mikono mitupu. Anaondoka na nusu gunia ya ndengu, maembe, kibuyu cha maziwa, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu ambaye atapiga kelele mpaka Matuu. Ndiyo namna yetu ya kusema kwaheri, maneno mengine hatuyajui. Ile ya 2011 ina viti vyeusi ambavyo vimeshabeba kila kitu, na keria ya mizigo juu. Katika hii ya 2018 najua ataniambia, "Mama, wachana na jogoo, nitanunua huko." Nyama atanunua. Jogoo wangu atamnunua wapi?

6. Inapita mchangani peke yake.

Hili nimelifikiria sana. Magurudumu yake yote manne yanavuta, haikwami. Lakini mtu akikwama pale mtoni, vijana wa ng'ambo huteremka, akina mama huacha mitungi yao, wote wanasukuma, na wakisukuma wanauliza, "Huyu ni wa nani?" Wanajibiwa, "Ni Mulinge wa Wavinya, yule alianguka kwenye shimo la maji akiwa mdogo." Wanacheka, anacheka, anajulikana. Sasa fikiria miaka ishirini ya kupita tu na vioo vimefungwa. Hatasukumwa, hatajulikana. Asiyejulikana hatapata watu wa kuja kwa harusi yake, na bila watu hakuna harusi. Bila harusi mimi sina wajukuu. Farouk, kwa ushauri wako wa simu wa dakika tano umeniulia wajukuu wanne. Majina yao nilikuwa nayo.

7. Hili si lako peke yako, lakini wewe unaonana na wakubwa.

Nasikia serikali imekataza gari iliyopita miaka minane kuingia nchini. Mama gani aliulizwa? Mimi nina miaka sitini na nne. Kwa sheria hiyo ningerudishwa kutoka bandarini na mshipi wangu wa kanisa. Waambie sheria wameishika kichwa chini. Gari iliyo chini ya miaka minane ndiyo ikatazwe kubeba mtoto wa mtu, mpaka ikomae na ijue kukwama.

Basi ombi langu ni hili. Mwambie ile ya 2018 imeuzwa. Si uongo, gari zote mwishowe huuzwa. Mpe ya 2011. Lakini hapa, Farouk, weka miwani. Breki ziwe nzuri. Breki ziangaliwe mara mbili, na mara ya pili uangalie wewe mwenyewe kwa macho yako. Tairi mpya, zote, na ya akiba pia. Mikanda ishike. Taa ziwake, maana barabara ya Matuu ina malori. Injini isizime njiani, wala kwenye kona, wala kwenye mvua, wala mahali pasipo na watu wazuri. Izime ikishaingia uani kwangu, lango likishafungwa. Ikizima ikae siku zisizopungua nne, halafu ipone yenyewe.

Nimemuuliza Kiema ni spea gani inaweza kufanya hivyo. Akasema haijatengenezwa. Lakini watu waliofundisha gari kuongea, hii itawashinda? Nina mtoto mmoja tu. Sitaki apate taabu yoyote. Nataka tu achelewe.

Nisalimie mama yako Tima, mwambie ndengu za msimu huu ni safi. Nisalimie Fahima mke wako na watoto, wale wanaoosha magari hapo yadi, na askari wa lango ambaye siku moja jua likiwa kali alinipa kiti chake bila kuniuliza nimefuata nini. Hata hayo magari mawili yape salamu, hayana kosa.

Ni mimi mama yenu, nisiye na ubaya na mtu,

Wavinya, mama Mulinge.

Nyongeza, Jumatano asubuhi.

Barua ilikuwa imeshafungwa, namngoja Nthiwa apite na mboga zake, simu ya Mulinge ikaingia. Nikamuuliza, si kwa ubaya, kama barabara imefungwa tangu Agosti. Akasema, "Mama, kila Ijumaa nikitoka kazini nafunga begi nije. Nawasha gari. Nasikiliza ule mlio wake. Naogopa, nazima, narudi ndani. Zile siku tisa nusura nifutwe kazi. Nikikwama huko tena, sina kazi ya kurudia."

Kila Ijumaa, Farouk. Begi likiwa limefungwa.

Na katika zile siku tisa, tano zilikuwa zangu mimi na Kiema. Hajui. Usimwambie.

Mpe ya 2018. Yenye kuongea, yenye kamera, yenye kunyamaza, yote. Mbaluka nitaongea naye mimi. Ijazwe mafuta ya kuja na ya kurudi pia, asiwe na wasiwasi wa kurudi, ndipo aje. Zile breki niliandika, bado ziangalie mara mbili. Yale mengine ya huko juu usiyasome, nimeituma nzima kwa sababu sina karatasi nyingine.

Lakini makaratasi ya gari yasikae mezani kwako, tafadhali mwanangu. Leo tayari ni Jumatano.